Mwanafunzi Anayesusia Somo: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Mwanafunzi asiyefanya zoezi hakai bure. Mtazame vizuri. Anachonga penseli ambayo tayari imechongoka, anaandika tarehe na kuipigia mstari kwa rula, anaufuta mstari kwa kuwa umepinda, anaomba ruhusa ya kwenda chooni, na akirudi anamuuliza jirani yake wako ukurasa wa ngapi. Kengele inapolia, ukurasa wake una tarehe na kichwa cha zoezi tu. Kwa nguvu aliyoitumia kulikwepa zoezi, angeweza kulimaliza na chenji ikabaki.

Kumwita mvivu, basi, hakumfikishi mwalimu popote. Mtoto huyu amepiga hesabu. Wanasaikolojia, kuanzia John Atkinson katika miaka ya 1950 hadi Jacquelynne Eccles miaka ya 1980, wameieleza hesabu hiyo kwa maswali mawili: nitaweza? na ina maana gani kwangu? Atkinson aliona kuwa majibu ya maswali hayo hayajumlishwi bali yanazidishwa, kwa hiyo moja likiwa sifuri, juhudi nayo ni sifuri. Eccles na wenzake wakaongeza gharama: muda, uchovu, aibu. Kwa mtoto wa miaka 8 au 10, aibu ndiyo ghali kuliko zote. Asiyejaribu ataambiwa hana bidii. Anayejaribu akakosa ataonekana hana akili. Wengi huona afadhali la kwanza. Watu wazima nao, tukisema kweli, hufanya vivyo hivyo kwenye mikutano.

Kwa hiyo hatua zote zilizo hapa chini zinaelekea upande mmoja: kupunguza gharama ya kujaribu kabla ya kuongeza shinikizo. Ukianza na shinikizo, utapata mtoto anayekwepa kwa ustadi zaidi.

Hatua ya 1: Tazama wiki nzima kabla ya kugusa chochote

Chukua daftari dogo. Chagua mwanafunzi mmoja, si watano. Kila anapojitoa katika somo, andika mambo manne: saa, kazi iliyokuwa mbele yake, kilichotokea dakika moja kabla, na alichokipata baada ya kujitoa. Hilo la mwisho husahaulika, nalo ndilo lenye siri. Kama kila akisumbua anatolewa nje, na kutoka nje ndicho alichokitaka, basi adhabu yako imekuwa malipo yake.

Andika kinachoonekana kwa macho, usiandike hukumu. "Hakuwa makini" haikusaidii Ijumaa utakapokaa kusoma daftari lako. "Saa 4:20, alilaza kichwa mezani nilipoandika ubaoni sehemu ya pili ya zoezi, sehemu ya kwanza alikuwa amefanya maswali 3, yote sahihi" inasema mengi. Inakuonyesha kuwa anaweza, na kwamba kilichomkatisha tamaa ni urefu wa kazi.

Baada ya wiki, tafuta mpangilio. Mara nyingi utakuta kwamba yule uliyesema "hafanyi chochote" anafanya mengi, ila kuna aina moja ya kazi inayomwangusha: kuandika maelezo marefu, kusoma kwa sauti, hesabu za maneno, au kazi yoyote inayokuja baada ya mapumziko alikogombana na wenzake.

Hatua ya 2: Anza na mwili

Kabla ya kuutafuta moyo wake, chunguza macho, masikio, usingizi na njaa. Mtoto anayekosea akinakili kutoka ubaoni lakini hakosei akinakili kutoka kitabuni, huenda haoni mbali. Mhamishie mbele siku chache uone.

Masikio yana hila zaidi. Majimaji yakijikusanya nyuma ya kiwambo cha sikio, jambo la kawaida kwa watoto wadogo, uwezo wa kusikia hupanda na kushuka: wiki hii anasikia vizuri, wiki ijayo sauti zinamfikia kama zimefunikwa. Hapo ndipo walimu husema "anasikia anapotaka". Simama nyuma yake, toa agizo fupi kwa sauti ya kawaida, asione midomo yako. Rudia siku tofauti. Hicho si kipimo cha daktari, lakini kinatosha kukuonyesha kama kuna haja ya kumwomba mzazi ampeleke kupimwa.

Hatua ya 3: Jua ni kukataa kwa aina gani

Watoto wawili wanaweza kukaa kimya vilevile, kwa sababu tofauti kabisa. Kuna asiyeweza, anayeogopa kukosea, aliyechoshwa kwa kuwa hilo alishalijua zamani, anayetaka kuonyesha kwamba hashurutishwi, na mwenye jambo zito nyumbani ambalo halijaacha nafasi ya hesabu za mafungu na sehemu kichwani mwake. Dawa ya mmoja ni sumu kwa mwingine. Aliyechoshwa ukimrahisishia kazi, unamchosha zaidi.

Majaribio mawili yatakusaidia kutofautisha. La kwanza, mpe kazi ileile mkiwa wawili tu, kwa mdomo. Akijibu vizuri, maarifa anayo. Kinachomshinda ni kuandika, tahajia, au macho ya wenzake. La pili, mpe kazi iliyo chini ya hiyo kwa ngazi mbili. Akiimaliza haraka na kutaka nyingine, tatizo lilikuwa kiwango. Akiikataa hata hiyo nyepesi, chanzo kiko nje ya somo, na hatua inayofuata ndiyo utakayoitegemea.

Hatua ya 4: Dakika 2 kwa siku 10

Zoezi hili limeenea miongoni mwa walimu wa nchi nyingi: kwa siku 10 za shule mfululizo, zungumza na mwanafunzi huyo kwa takriban dakika 2 juu ya jambo lisilohusu masomo wala tabia yake. Lifanye mlangoni asubuhi, mnapogawa madaftari, au mkielekea uwanjani. Usimwite ofisini, mtoto akiitwa ofisini hujiandaa kwa mashtaka.

Siku za mwanzo utapata "ndiyo", "hapana" na mabega yanayopandishwa. Endelea. Usimhoji, mwambie kitu nawe. "Jana nilimwona paka amelala juu ya rundo la madaftari yenu, akakataa kabisa kuondoka" hufungua mdomo kuliko "Unapenda nini?" Akitaja kitu, kesho kirudie: "Yule mdogo wako alipona?" Kukumbuka huko ndiko kunakofanya kazi. Na usiharibu yote siku ya sita kwa kumalizia na "sasa na wewe ufanye mazoezi yako". Atajua papo hapo kuwa yale mazungumzo yalikuwa chambo.

Hatua ya 5: Fanya mwanzo uwe mdogo mpaka kukataa kuwe kazi kubwa zaidi

Hapa ndipo ningetumia nguvu nyingi kuliko popote. Mtoto anayekwepa hukwama mwanzoni. Akishaandika mstari wa kwanza, mara nyingi wa pili unakuja wenyewe.

Tuseme zoezi lina maswali 8 ya kutoa kwa kukopa. Usimwambie "anza". Funika ukurasa kwa karatasi ili lionekane swali la kwanza peke yake. Chuchumaa kando yake, macho yako yawe usawa wa yake, na lifanyeni pamoja: wewe unasema hatua, yeye anaandika. Sogeza karatasi, swali la pili lionekane. Fanya nusu, mwachie nusu. Kisha sema, "Malizia hili, narudi nikishamwona mwenzako wa dirishani." Halafu ondoka. Ondoka kweli, usisimame hatua mbili nyuma ukichungulia. Mwalimu akimsimamia mtoto mwenye hofu, kila tarakimu inageuka mtihani. Ukisema unarudi, rudi. Ukikuta amemaliza, weka alama ya vema pale pale, usingoje kukusanya madaftari.

Ukikuta hajamaliza, usiulize "mbona hujafanya?" Swali hilo halina jibu ambalo mtoto anaweza kulitoa akabaki na heshima yake. Uliza, "Umefika wapi?" Hata kama hajafika popote, atakuonyesha mahali, na hapo mna pa kuanzia.

Kwa kuandika, punguza vivyo hivyo. "Andika habari ya safari" ni mlima. "Niambie kitu kimoja ulichokiona njiani" ni sentensi, naye ataisema. Iandike juu ya karatasi kwa maneno yake mwenyewe, bila kuyanyoosha, umpe aendelee. Sasa ukurasa si mweupe tena. Sahihisha jambo moja tu katika kazi hiyo. Daftari lililojaa wino mwekundu humwambia mtoto kwamba angeandika kidogo angekosea kidogo, na kesho atafuata ushauri huo.

Mpe pia uchaguzi, ila wa kweli. Wanasaikolojia Edward Deci na Richard Ryan wametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba binadamu hujituma anapohisi ana uamuzi, anamudu, na ana watu wanaomjali. Uchaguzi mdogo unatosha: "Utaanza na swali la 2 au la 5?" "Utaandika au utachora kwanza?" Usiulize "Unataka kufanya?" kama huko tayari kusikia hapana.

Hatua ya 6: Rekebisha namna unavyouliza maswali

Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani aliyesikiliza kanda za vipindi vya sayansi, aligundua kuwa walimu walingoja kwa wastani kama sekunde 1 baada ya kuuliza, kisha wakamwita mwingine, wakarudia swali au wakajibu wenyewe. Walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka, "sijui" zikapungua, na watoto waliohesabiwa kuwa wa mwisho wakaanza kuchangia. Aliyachapisha hayo katika miaka ya 1970, na hadi leo ndicho kitu cha bei rahisi zaidi unachoweza kukibadilisha darasani.

Sekunde 3 ni ndefu ukiwa mbele ya watoto 50. Hesabu kimoyomoyo. Ngoja mara mbili: baada ya swali, na baada ya jibu, kabla ya kusema "vizuri" au "hapana". Ule ungojaji wa pili humpa mtoto nafasi ya kujirekebisha mwenyewe.

Acha pia kutegemea mikono iliyoinuliwa. Mikono huinuliwa na walewale, nao waliobaki wamejifunza kwamba kukaa kimya hakuna gharama. Tumia vibao vidogo au vipande vya karatasi ili kila mtoto aandike jibu na kulionyesha kwa pamoja. Au fuata utaratibu aliouanzisha mtaalamu wa elimu Frank Lyman mwaka 1981: fikiri peke yako, zungumza na mwenzako, kisha semeni mbele ya darasa. Mtoto mwoga akishalijaribu jibu lake kwa mtu mmoja, na mwenzake asicheke, kulisema mbele ya wote si jambo la kutisha tena.

Kwa mwanafunzi wako yule, ongeza siri ndogo. Unapopita kati ya madawati, mnong'oneze: "Hili la 3 umelipata. Nitakuuliza hilo." Atakuwa na dakika kadhaa za kujiandaa, na utakuwa umempa ushindi ambao wenzake watauona bila kujua ulivyopangwa. Akisema "sijui" hadharani, usimwachie wala usimkabe: "Sawa. Sikiliza wenzako wawili, halafu nitakuja uniambie unakubaliana na yupi." Kisha urudi kwake.

Na darasa likicheka jibu lisilo sahihi, shughulikia sekunde hiyohiyo, kwa sentensi moja na uso mkavu: "Hapa hatumcheki anayejaribu." Hotuba ya dakika tano inamwaibisha aliyechekwa kuliko kicheko chenyewe.

Hatua ya 7: Sifa na zawadi, kwa kipimo

Mwaka 1998 wanasaikolojia Claudia Mueller na Carol Dweck walionyesha kuwa watoto waliosifiwa kwa akili baada ya kufaulu walipenda zaidi kazi nyepesi zilizofuata, na walivunjika moyo walipokutana na ngumu. Waliosifiwa kwa juhudi walishikilia. Kwa hiyo taja alichokifanya: "Umerudi ukakagua swali la 4 bila kuambiwa." Sifa ya jumla, "hongera sana, wewe kichwa", mtoto anayejidharau haiamini, na wakati mwingine huharibu kazi makusudi ili kukuonyesha umekosea.

Wengine hawapendi kusifiwa hadharani, hasa wavulana wakubwa na wapya darasani. Kwao andika sentensi moja daftarini.

Kuhusu zawadi, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake mwaka 1973 waliwaahidi cheti watoto waliopenda kuchora, ikiwa wangechora. Wiki moja au mbili baadaye watoto hao walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Somo si kwamba zawadi zote ni mbaya. Kwa kazi ambayo mtoto haigusi kabisa, kitu kidogo kinaweza kumfanya aanze. Anapozoea, kipunguze hadi kiishe. Usiweke zawadi juu ya jambo analolipenda tayari. Na ile chati ya nyota ukutani, yenye majina ya wote, ningeishusha leo. Wa juu hawaihitaji, na wa chini inawatangaza kila asubuhi.

Hatua ya 8: Kazi za vikundi zisiwe maficho

Ukisema "fanyeni kwa kikundi", wawili watafanya na watatu watatazama. Gawa kazi ili kila mtu awe na kipande ambacho wenzake hawana. Mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni mpango wa namna hiyo mwaka 1971 huko Austin, Texas: kila mwanafunzi anasoma sehemu yake ya habari, anakutana kwanza na wa vikundi vingine wenye sehemu hiyohiyo, kisha anarudi kuwafundisha wa kikundi chake. Pale katikati, anapokutana na wenye sehemu kama yake, ndipo mtoto dhaifu anapopata cha kusema. Usiiruke hatua hiyo.

Hatua ya 9: Akikataa waziwazi

"Sifanyi." Darasa zima limenyamaza, wote wanakutazama wewe. Usijibu kwa sauti ileile. Wape wengine kazi, waondolee tamthilia. Kisha sogea, ongea kwa sauti ambayo yeye peke yake ataisikia: "Naona hii imekukera. Unaweza kufanya matatu sasa, au ufanye nami kabla ya mapumziko. Amua, nitarudi." Uondoke. Mtoto anayesimamiwa hawezi kurudi nyuma bila kuonekana ameshindwa, mwachie mlango.

Usimtie adhabu ya kuandika sentensi mara 100 huku ukilalamika kuwa hapendi kuandika. Usimnyime mapumziko pia. Huyo ndiye anayeyahitaji kuliko wote. Fimbo itamfanya anakili, haitamfanya afikiri, na itaongeza ile gharama ya kukosea ambayo umekuwa ukiipunguza tangu hatua ya kwanza.

Hatua ya 10: Mzazi asikie habari njema kwanza

Mzazi aliyezoea kuitwa kwa lawama huja akiwa na ngao, au haji. Tafuta jambo moja la kweli, dogo, umpelekee kabla hujaomba chochote: "Leo mwanao amesoma aya nzima mbele ya mwenzake." Siku nyingine ndipo uulize: nyumbani anapenda kufanya nini? Hulala saa ngapi? Anasemaje kuhusu shule? Majibu hayo yatakuokolea wiki za kubahatisha.

Hatua ya 11: Pima, kisha ondoa misaada kidogokidogo

Usipime kwa alama za mtihani, zitachelewa. Pima muda kutoka agizo hadi anapoandika tarakimu au neno la kwanza. Muda huo ukishuka kutoka dakika 12 hadi 4, njia inafanya kazi hata kama majibu bado yana makosa. Baada ya wiki nne hivi ondoa msaada mmoja: acha kufunika ukurasa, lakini endelea kumtonya kabla ya kumuuliza. Akisimama imara, ondoa mwingine. Walimu wengi huondoa yote kwa mpigo mara wanapoona nafuu, kisha hushangaa.

Kama wiki zimepita na hakuna mabadiliko, washirikishe wengine. Mtoto anayeongea vizuri nyumbani lakini hasemi kabisa shuleni kwa zaidi ya mwezi, mbali na ule mwezi wa kwanza wa kuzoea shule, anaweza kuwa na hali inayohitaji mtaalamu. Kumlazimisha aseme kunaizidisha. Vivyo hivyo aliyebadilika ghafla, aliyekuwa mchangamfu akazima: hapo usianze na mbinu za kufundishia, anza kwa kumwuliza faraghani kama yuko salama, na ufuate utaratibu wa shule wa kumlinda mtoto.

Tarajia arudi nyuma baada ya likizo ndefu, baada ya kuugua, au anapobadilishiwa mwalimu. Usimrudishe mwanzo kabisa. Rudi hatua mbili: karatasi ya kufunikia ukurasa na swali la kwanza la pamoja. Na mwalimu mpya akichukua darasa, mpe lile daftari lako dogo.